Nilimcheka Dere wa Jogoo Road, Kumbe Nilikuwa Namcheka Anko

Leo sina vichekesho, ingawa stori yenyewe inaanza na kichekesho.

Kama umekuwa ukifuatilia kazi zangu tangu mwaka jana, unaikumbuka ile klipu ya dere wa Jogoo Road. Kama hukuiona, ilikuwa hivi: nimevaa kofia ya dere, niko kwenye usukani wa matatu, makanga anaita abiria, "Jogoo Road! Jogoo Road!" Simu inalia. Ni mke wa dere, na simu iko kwenye spika. Anamuuliza mbele ya abiria wote kama leo jogoo atawika ama ni kama jana tu. Gari lote linaangua kicheko. Dere anajifanya mtandao unasumbua. Mwisho.

Ilikuwa sekunde 48. Ndiyo klipu iliyonipa watu wengi zaidi tangu nianze hii kazi. Hadi leo kuna wasee tukikutana tao wananiita "Jogoo!" badala ya jina langu, na mimi huwapungia mkono na kucheka.

Kitu ambacho sikuwahi kusema ni kwamba ile matatu huendeshwa na anko wangu, kaka yake mathee. Si yake, ni ya bosi wake, lakini alinitafutia saa moja mchana wakati abiria ni wachache. Akanipa na kofia yake. Halafu akasimama nje akitazama. Ukiiangalia vizuri, yule jamaa anayecheka nje ya dirisha akiwa na chupa ya soda mkononi, ndiye yeye.

Miezi tisa baadaye nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake hospitalini, na nikajua alikuwa anacheka nini.

Kabla niendelee: Anko amesoma hii kitu yote. Kuna sehemu aliniambia nitoe, nikatoa. Zilizobaki amekubali mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, hata saa moja haijafika. Anti alinipigia simu akilia. Anko ameamka na kifua kimembana, anasema ni kama kuna mtu amemkalia, mkono wa kushoto una ganzi, jasho linamtoka na kuna baridi. Anko ana miaka 46. Si mnene. Ni mwembamba kunishinda, na mimi huambiwa nile kila nikienda ushago. Tulimbeba kwa teksi hadi hospitali.

Sehemu ya dharura kulikuwa na daktari wa zamu, mama mmoja mtulivu sana. Alikuwa tayari ameshika kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Kabla hajampa akauliza, "Baba, tangu jana umemeza dawa yoyote? Hata za kienyeji. Hata hizi za nguvu za kiume. Niambie ukweli, hapa hakuna anayekucheka."

Anko akamtazama anti. Akanitazama mimi. Akasema, "Hapana."

"Una uhakika, baba?"

"Hapana, daktari. Sijameza kitu."

Daktari akageuka kuchukua maji. Hapo ndipo Anko aliponishika mkono, akanivuta hadi sikio langu likawa karibu na mdomo wake. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Mwambie nilimeza ile ya bluu. Jana usiku. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Nikamfuata daktari nikamwambia. Hakushangaa hata kidogo. Alirudisha kile kidonge mahali pake, akaandika kitu kwenye faili, wakamtibu kwa njia nyingine. Baadaye alinieleza: zile tembe za bluu hufungua mishipa ya damu, na ile dawa ya kifua ya kuweka chini ya ulimi nayo hufungua mishipa ya damu. Zikikutana mwilini, presha inaweza kushuka ghafla hadi mtu afe palepale. Ndiyo maana aliuliza mara mbili.

Fikiria hiyo kidogo. Mtu anahisi anakufa, anaulizwa swali ambalo jibu lake linaweza kumwokoa, na bado aibu inamshinda nguvu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikiona kifo kikija kumuumbua Anko.

Alipona. Ilikuwa shambulio la moyo, lakini tulifika mapema. Baada ya wiki mbili nilienda kumwona kwake Umoja. Tulikaa nje kwenye kibaraza, yeye na uji wake, mimi na simu mfukoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kwetu mambo ya chumbani huwezi kuyazungumza na baba yako. Mjomba ndiye huulizwa. Safari hii ni mjomba aliyekuwa na la kusema.

Ilianza miaka miwili nyuma, alisema. Polepole. Mara moja inakataa, anasema ni uchovu, si anaamka saa kumi usiku kila siku kuwahi gari. Halafu ikawa mara moja kwa wiki. Halafu hata asubuhi akiamka hakuna kitu, na hiyo haikuwahi kumtokea tangu akiwa kijana. Msee mmoja pale stegi akamwambia atafune mukombero. Akatafuna mpaka ulimi ukachoka. Alipoenda Mombasa kwa mazishi akanywa supu ya pweza siku tatu mfululizo. Akapiga hata namba moja ya wale madaktari wa mabango ya kwenye nguzo za stima, wale ambao karatasi moja inaahidi nguvu za kiume, kumrudisha mpenzi aliyepotea na kushinda kesi kortini. Mwisho akafika kemisti.

"Pale kemisti wananiuzia moja moja," akasema. "Miaka miwili, kijana. Hakuna siku mtu aliniuliza hata umri wangu. Hakuna aliyenipima hata presha."

Anti alikuwa mlangoni, sisi hatukumwona. Akasema kwa upole, "Mimi nilikuwa najua una mwanamke. Miaka miwili nalala nikitazama ukuta, najiuliza huyo mwanamke ni nani na anakaa wapi. Afadhali ungeniambia ni ugonjwa."

Anko hakujibu. Anti akarudi ndani. Halafu ndipo akaniambia kitu ambacho ndicho kimenifanya niandike haya yote.

"Ile siku ulikuja kupiga picha zako na ile stori ya jogoo. Unajua nilikuwa nimepanga nikwambie jioni? Nilisema wewe unajua haya mambo ya mtandao, utanitafutia daktari mbali na huku, mahali hawanijui. Halafu nikaona vile watu walicheka."

"Lakini Anko, si hata wewe ulicheka?"

"Ningefanya nini sasa?"

Manze, sikuwa na jibu. Bado sina.

Sasa nataka nikueleze kile daktari alitueleza, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, kwa sababu hiki ni kitu ambacho shuleni tulipitishwa mbio huku darasa zima likicheka.

Kusimama kwa uume ni jambo la damu. Hakuna mfupa mle ndani. Kuna mirija miwili ya nyama laini kama sponji. Ukipata hamu, ubongo hutuma ujumbe kupitia neva, na neva pamoja na ngozi laini ya ndani ya mishipa ya damu hutoa gesi inayoitwa naitriki oksaidi. Gesi hiyo huiambia misuli ya kuta za mishipa: legea. Mishipa inafunguka, damu inaingia kwa wingi, ile sponji inajaa. Ikijaa, inabana mishipa midogo inayotoa damu nje, kwa hivyo damu inabaki mle ndani. Daktari alipomweleza Anko hivyo, Anko akasema, "Kumbe ni kama tairi. Kompresa inaweza kuwa sawa, lakini kama paipu iko na shida, tairi haijai." Daktari akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo.

Sasa kolesteroli inaingia wapi?

Kwanza, kolesteroli si sumu. Ini lako lenyewe ndilo hutengeneza sehemu kubwa yake, kwa sababu mwili unaihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni, ikiwemo testosteroni, ile ile ya mwanaume. Shida ni ikizidi. Kolesteroli haiwezi kusafiri peke yake kwenye damu, inabebwa. Kuna mbebaji anayeitwa LDL anayeipeleka mwilini, na kuna HDL anayeirudisha kwenye ini. LDL ikiwa nyingi kwa miaka, inaanza kupenya na kukwama ndani ya kuta za mishipa. Inaharibika humo. Mwili unatuma askari wake waje kuisafisha, askari wanaila mafuta hayo mpaka wanafia hapo hapo, na taratibu panajengeka gamba. Ukuta unavimba, unakuwa mgumu, njia ya damu inapungua.

Lakini kuna jambo ambalo mimi sikulijua. Madhara yanaanza kabla njia haijaziba. Ile ngozi laini ya ndani ikishaanza kuumia, inatoa naitriki oksaidi kidogo. Ujumbe wa "legea" unafika ukiwa dhaifu. Kwa hivyo ni shida mbili: mlango haufunguki vizuri, na njia yenyewe inazidi kuwa nyembamba.

Na kwa nini huko chini kuhisi kwanza? Ni saizi. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Ile mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo ni milimita 5 hadi 7. Damu ni ileile, kolesteroli ni ileile, inapita kote. Sasa wewe mwaga lori moja la mchanga kwenye Jogoo Road, halafu umwage lori lingine kama hilo kwenye kichochoro cha nyuma ya ploti yenu. Jogoo Road magari yatapita kando yakipiga honi. Kichochoro kimefungwa siku hiyo hiyo. Uume ndio kichochoro.

Ndiyo maana madaktari wa moyo husema tatizo la kusimama, likianza polepole bila sababu nyingine, linaweza kutangulia dalili za moyo kwa miaka kati ya 2 na 5. Anko alikuwa na miaka 2. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yake yalikuwa wazi kabisa. Ni vile yeye alikuwa anayafunika na tembe.

Zile tembe nazo zina stori yake. Hapo mwanzo zilifanyiwa majaribio Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua ya moyo. Kwa moyo hazikufanya maajabu, lakini wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kueleza kwamba kuna mambo mengine yanatokea. Viagra ikaidhinishwa Marekani Machi 1998. Na mwaka huo huo Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, wakapewa tuzo ya Nobel kwa kugundua kazi ya ile naitriki oksaidi kwenye mishipa ya damu. Kwa hivyo jogoo na moyo ni ndugu wa damu. Dawa yenyewe ilizaliwa kwenye mambo ya moyo.

Sisemi tembe ni mbaya. Daktari akikuandikia baada ya kukupima, ni dawa kama dawa nyingine. Ninachosema ni kwamba haisafishi mshipa. Inachofanya ni kuufanya ule ujumbe wa "legea" ukae muda mrefu zaidi. Ni kama kuzima taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi na kuendelea na safari ya Kisumu. Taa imezimika kweli. Oili je?

Najua kuna msee anasoma hapa akisema, "Hizo ni shida za wazee, mimi niko na 22."

Sawa. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 22. Hawa si wagonjwa, ni vijana waliokuwa wamepita mazoezi ya jeshi. Asilimia 77 kati yao tayari walikuwa na mabadiliko kwenye mishipa ya moyo ambayo yangeonekana kwa macho. Ugonjwa tunaouita wa wazee huanza kujengwa mtu akiwa bado anakaa kwa mamake.

Pia nataka niwe mkweli, kwa sababu sitaki mtu alale leo akiwaza moyo wake unasimama. Si kila jogoo akikataa ni kolesteroli. Sukari inaweza kuleta hiyo shida, hata presha, sigara, pombe nyingi, dawa fulani, homoni, msongo wa mawazo. Na kwa vijana wengi huwa ni akili tu. Mimi mwenyewe ilinitokea mwaka huo huo. Ndiyo, mimi Jogoo. Nilikuwa na mtu niliyempenda sana, nikawa na wasiwasi sana, ikakataa. Usiku uliofuata nikawa na wasiwasi kwamba itakataa, na kwa sababu ya huo wasiwasi ikakataa tena. Lakini asubuhi nikiamka mambo yote yako sawa. Daktari aliniambia hiyo ni ishara nzuri: kama asubuhi inaamka kama kawaida na inakataa tu ukiwa na mtu, mara nyingi shida iko kichwani. Kama inafifia polepole kila mahali, hata asubuhi, hata ukiwa peke yako, hapo lazima mishipa ichunguzwe. Hiyo si hukumu ya mwisho, ni mahali pa kuanzia mazungumzo na daktari.

Na hauko peke yako. Utafiti uliofanywa Massachusetts, Marekani, uliotolewa mwaka 1994, ulikuta kwamba asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Zaidi ya nusu, wasee. Wale abiria wanaume wote waliocheka kwenye klipu yangu, fanya hesabu mwenyewe.

Baada ya yale ya Anko, daktari alisema ndugu zake na watoto wa ndugu zake wapimwe, kwa sababu kuna kolesteroli ya juu inayorithiwa. Takriban mtu 1 kati ya 250 duniani huzaliwa na aina hiyo, awe mnene awe mwembamba. Kolesteroli yenyewe haina dalili. Haiumi, haiwashi, hukohoi. Unaijua kwa kupimwa tu.

Nikaenda na mathee. Tulilala njaa kama walivyotuambia, asubuhi wakatutoa damu kwa mkono. Nililipa pesa ambayo Ijumaa moja ya sherehe huimaliza kabla ya saa nne usiku. Nilikuwa naenda tu kumsindikiza, kusema ukweli. Mimi nina kilo 61, hucheza mpira Jumapili. Majibu yakarudi: kolesteroli jumla 6.3, wakati inatakiwa kuwa chini ya 5.2. LDL 4.4, wakati inatakiwa angalau chini ya 3.4, na chini ya 2.6 ndiyo bora. Miaka yangu ni 25. Ya mathee ilikuwa juu kuliko yangu.

Mathee alinyamaza kwenye matatu njia yote. Tulipofika nyumbani akasema, "Baba yangu alianguka shambani akiwa na miaka 50. Alikuwa mwembamba kama wewe. Tuliambiwa amerogwa. Kuna jirani tulikuwa na kesi naye ya mpaka, hatukumsalimia tena mpaka akafa."

Babu hakuwahi kupimwa kitu, kwa hivyo siwezi kumwandikia cheti leo. Lakini najua mathee alikuwa anafikiria nini, na najua alikuwa anamfikiria yule jirani.

Sasa mambo ya chakula. Sitakudanganya ati nimekuwa mtakatifu. Mimi ni yule msee wa chipo mchana, smokie pasua jioni, mutura usiku nikitoka kushuti. Nilichofanya ni kubadilisha kawaida yangu. Jikoni mathee aliacha mafuta ya kuganda, anatumia ya alizeti, na kidogo. Chipo ni mara moja kwa wiki. Ndengu, maharagwe, githeri, sukuma, omena, parachichi, vitu ambavyo tulikuwa tunaviita chakula cha mwisho wa mwezi, sasa ni vya kila siku. Maharagwe na ndengu vina nyuzi zinazosaidia kushusha LDL, na bei yake unaijua. Yai nililokuwa naliogopa daktari alisema si adui mkubwa, adui ni kile limekaangiwa na zile soseji zinazokuja nalo. Nilikuwa na vepu, nimeiacha, kwa sababu sikuona maana ya kurekebisha mishipa kwa mkono mmoja na kuiumiza kwa mwingine. Na ninatembea. Lengo la dakika 150 kwa wiki linasikika kubwa, lakini ni nusu saa siku tano.

Baada ya miezi mitatu nilirudi. LDL imeshuka hadi 3.7. Bado haijafika, daktari anasema ikikataa kushuka zaidi tutazungumza kuhusu dawa. Nilitaka kukuletea namba ya kupendeza zaidi, lakini hiyo ndiyo namba.

Anko yuko kwenye dawa za kolesteroli, hizi zinaitwa statini, pamoja na dawa zake za moyo. Ameacha sigara aliyovuta tangu akiwa makanga. Bosi wake alimpa miezi ya kupumzika, sasa anaendesha zamu fupi. Najua swali uliloshika mdomoni, hata mimi nililiuliza. Amenipa jibu niliandike neno kwa neno: "Waambie si kama zamani, lakini si kama mwaka jana." Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba kushusha kolesteroli kwa statini kunaweza kusaidia kiasi upande huo pia. Si haraka, na si kwa kila mtu. Lakini nadhani kitu kilichomsaidia zaidi ni kwamba anti sasa anajua. Huenda pamoja kliniki. Nimewaona wakigombana kuhusu chumvi kama watu waliooana jana.

Kwa hivyo, msee wangu, nikuombe vitu vitatu tu.

Ukiwa na zaidi ya miaka 20, pimwa kolesteroli angalau mara moja, ujue namba yako kama unavyojua namba yako ya M-Pesa. Kama kwenu kuna mtu aliyepata ugonjwa wa moyo au kiharusi mapema, au aliyekufa ghafla na mkaambiwa amerogwa, usingoje. Pima na presha na sukari ukiwa hapo.

Kama jogoo ameanza kufifia, usianzie kemisti. Anzia kwa daktari, na umwambie neno lenyewe. Amelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Na kama umemeza tembe halafu kifua kikabana, mwambie daktari kabla hajakuuliza, hata kama mkeo, mamako na pasta wako wamesimama hapo.

Na sisi wa vichekesho tujiulize nani amesimama nje ya dirisha. Sisemi tusicheke. Wakenya tukikosa kucheka tutakufa kwa mambo mengine. Ila mwanaume yeyote aliyetazama klipu yangu akiwa na hiyo shida alijifunza kitu kimoja kutoka kwangu: ukisema, utachekwa na gari zima.

Nilitaka kuitoa mtandaoni. Nilikawia, na sitajifanya ni kwa sababu nzuri, ilikuwa bado inaniletea chapaa. Nilipomwambia Anko kwamba naitoa, alikataa. Alisema, "Usiitoe. Imalizie. Yule dere hakufika mwisho wa safari."

Kwa hivyo sehemu ya pili tunaishuti Alhamisi, gari ni ile ile. Simu italia tena, mke atauliza tena mbele ya abiria, na safari hii dere atajibu. Sijaandika atakachosema. Anko amesema hiyo kofia nimrudishie, atacheza dere yeye mwenyewe.